Mwongozo Kamili: Namna ya Kueleza na Kuipa Jina Spishi Mpya ya Konokono Mdogo wa Bahari ya Kina Kirefu

Rasimu za maelezo ya spishi mpya zinazoandikwa na wanafunzi na watafiti chipukizi hurudishwa, mara nyingi, kwa sababu tatu zilezile. Mwandishi hakuthibitisha kwamba konokono wake hana jina tayari. Au ameeleza kwa bidii kubwa sifa ambazo kila konokono wa familia hiyo anazo. Au ameacha sharti moja dogo la kanuni za majina, na kwa kuliacha, jina lake linahesabika kana kwamba halijatolewa kabisa. Mwongozo huu umepangwa kuzuia makosa hayo, na unahusu konokono wenye magamba yasiyozidi milimita 5 waliokusanywa chini ya mita 200.

Mfano nitakaourudia ni wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2017 spishi mbili ndogo, *Lirapex politus* na *Dracogyra subfusca*, zilielezwa kutoka Longqi, eneo la matundu ya maji moto lililo kwenye mgongo wa bahari wa kusini-magharibi mwa bahari hiyo, katika kina kinachozidi mita 2,700. Katika eneo hilohilo anaishi *Chrysomallon squamiferum*, konokono mkubwa zaidi mwenye magamba ya chuma mguuni, ambaye aligunduliwa mwaka 2001 lakini hakupata maelezo rasmi hadi 2015. Mwaka 2019 aliingizwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, kwa sababu ya tishio la uchimbaji madini baharini. Spishi isiyo na jina kwa kawaida haiingizwi katika orodha hiyo, na ndiyo sababu kazi hii inayoonekana kuwa ya kabatini ina uzito mkubwa nje ya kabati.

## Vifaa vinavyohitajika

Kusanya vitu hivi kabla ya kuanza, kwa maana kazi ikikatika katikati vielelezo vidogo hupotea au huharibika:

- Hadubini ya kupasulia yenye kipimo ndani ya lenzi, na taa inayoweza kuelekezwa kutoka ubavuni.
- Chekeche zenye matundu ya milimita 1, 0.5 na 0.3.
- Brashi laini ya rangi ya ukubwa mdogo kabisa, sindano nyembamba zilizofungwa kwenye vijiti, na vibanio vyepesi vya chuma.
- Ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na maji yaliyotoneshwa.
- Vichupa vya plastiki vyenye kifuniko kinachobana, na vidonge vitupu vya jelatini kwa magamba makavu.
- Karatasi ya lebo isiyooza ndani ya ethanoli, pamoja na penseli.
- Kimeng'enya cha proteinase K, kinachoyeyusha protini, na vifaa vya kutolea DNA.
- Vitako vya aluminiamu na utepe wa kaboni wenye gundi pande zote mbili.
- Nafasi ya kutumia hadubini ya elektroni. Wengi hawana chombo hiki katika taasisi zao. Panga ushirikiano mapema na idara ya jiolojia, ya uhandisi wa vifaa au ya tiba, ambako mara nyingi kipo.
- Kompyuta yenye intaneti, na nakala ya Kanuni za Kimataifa za Majina ya Kizoolojia, toleo la 4, linalotumika tangu 1 Januari 2000. Kanuni hizo zinasomwa bure mtandaoni.

## Hatua ya 1: Kagua kibali na lebo

Usifungue kichupa kabla ya kujua kielelezo kilikusanywa wapi na kwa ruhusa ya nani. Kwa vielelezo vilivyotoka katika maji ya Tanzania utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya huko, na kwa vya Kenya kibali cha NACOSTI, tume kama hiyo ya Kenya, pamoja na vibali vya mamlaka nyingine zinazohusika na bahari na usafirishaji. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2014, inataka makubaliano na nchi yenye mali hiyo ya asili yawepo kabla ya utafiti. Majarida mengi huuliza namba za vibali hivi, na makumbusho makini hayapokei holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi) isiyo na nyaraka.

Kisha soma lebo. Inapaswa kuonyesha jina la meli, namba ya kituo, latitudo na longitudo, kina, tarehe, chombo kilichotumika, na kemikali iliyohifadhia. Wavu au kokoro likiburutwa, andika kina cha mwanzo na cha mwisho, kwa sababu hakuna anayejua konokono aliingia katika sehemu ipi ya mwendo huo.

Tahadhari: andika waziwazi kama kielelezo kilikusanywa kikiwa hai au kikiwa gamba tupu. Magamba matupu huporomoka kwenye miteremko ya sakafu ya bahari, mengine hubebwa na kaa watawa au hutapikwa na samaki. Gamba tupu lililotoka mita 1,500 linaweza kuwa la konokono wa mita 50, nami ningesita sana kuliita la kina kirefu bila mwili ndani yake.

Umefaulu ukiweza kujibu, kwa kila kielelezo, wapi, lini, kwa chombo gani, kwa kibali gani, na hai au mfu.

## Hatua ya 2: Chambua na uhifadhi

Osha mashapo taratibu kwa maji ya bahari yaliyochujwa, ukianza na chekeche lenye matundu makubwa na kumalizia na la milimita 0.3. Mimina kilichobaki kidogo kidogo kwenye sahani ya kioo na upekue chini ya hadubini. Usitumie vibanio kwa gamba lililo chini ya milimita 2; liinue kwa brashi iliyolowa, kwani shinikizo dogo la chuma hutosha kuvunja mdomo wa gamba, na mdomo ni sehemu utakayoihitaji baadaye.

Weka vielelezo vyenye mwili katika ethanoli, na uibadilishe ndani ya siku ya kwanza, maana maji yaliyomo mwilini huidhoofisha. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka maabara ya DNA iwajibu kwamba hakuna kitu: konokono akishtuka hujirudisha ndani na kufunga kifuniko chake, na ethanoli hushindwa kupenya. Mwili huoza ukiwa ndani ya ethanoli safi. Ukiwa na vielelezo kadhaa, toboa au pasua gamba la baadhi yao kwa sindano mara tu vinapofika, na uviache vingine vikiwa vizima kwa ajili ya picha.

Tahadhari: fomalini ambayo asidi yake haijatulizwa hula chokaa ya gamba, na nakshi nyembamba za gamba la uchangani, lile dogo la mwanzo lililo kwenye ncha, ndizo zinazoanza kufutika. Vilevile usihifadhi magamba makavu katika makabati ya mbao au visanduku vya kadibodi duni. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao hushambulia gamba na kuliacha na unga mweupe ambao hauondoki. Onyo hili linaonekana dogo, lakini mikusanyo mizima imepotea kwa njia hii.

Umefaulu ikiwa gamba lingali na mng'ao wake, mdomo wake ni mzima, na lebo iko ndani ya kichupa wala haikubandikwa nje tu.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni konokono mzima

Konokono mdogo si lazima awe spishi ndogo. Anaweza kuwa mtoto wa spishi kubwa inayojulikana. Wataalamu wa zamani walinaswa hapa. Jina *Sinusigera* lilitolewa katika karne ya 19 kana kwamba ni jenasi kamili, kumbe magamba hayo yalikuwa ya viluwiluwi wa konokono waeleao majini kabla hawajatua chini.

Tafuta dalili za utu uzima: mdomo wa gamba ulionenepa au kupinda nje, mzunguko wa mwisho uliobadilisha mwelekeo, na ndani ya mwili, viungo vya uzazi vilivyokomaa. Panga vielelezo vyako vyote kwa ukubwa, kisha tazama kama sifa unayoitegemea inadumu kutoka kidogo hadi kikubwa. Sifa inayotoweka kadiri gamba linavyokua ni sifa ya umri.

Ukiwa na kielelezo kimoja tu, uamuzi ni mgumu zaidi. Kanuni haziukatazi msingi wa kielelezo kimoja, na katika bahari ya kina kirefu mara nyingi ndicho kilichopo. Maoni yangu ni kwamba kielelezo kimoja kinatosha pale tu kinapokuwa na mwili, kimekomaa, na kinatofautiana na jamaa zake kwa sifa zaidi ya moja zisizohusiana.

## Hatua ya 4: Jitahidi kuthibitisha kwamba si spishi mpya

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na inapaswa kuchukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Kazi yako hapa ni kulipinga wazo lako mwenyewe kwa nguvu zote. Likibaki limesimama, endelea.

Anza kwa kutambua familia. Gamba jeupe lenye umbo la kizibo bapa na mdomo wa mviringo linaweza kuwa la Skeneidae, la Peltospiridae au la Vitrinellidae, familia ambazo hazina undugu wa karibu hata kidogo. Umbo hilo limejitokeza mara nyingi katika koo tofauti, na kwa hiyo umbo la nje peke yake halitoshi. Gamba la uchangani, kifuniko na radula (utepe wa meno wa konokono) ndivyo vinavyotenganisha. Ukishuku kuwa huna uhakika wa familia, ruka kwanza hadi hatua ya 5 na ya 6 kisha urudi hapa.

Ukishajua jenasi, fungua MolluscaBase, hifadhidata ya mtandaoni ya majina ya moluska, na utoe orodha ya majina yote ya jenasi hiyo duniani, yakiwemo yanayohesabiwa kuwa visawe. Jina lililowekwa kando kama kisawe linaweza kuwa ndilo jina halali la konokono wako. Ongeza jenasi jirani, kwa sababu waandishi wa zamani waliweka spishi walipoona panafaa kwa wakati wao, na usiache spishi za visukuku.

Kwa kila jina, soma maelezo ya awali yenyewe, si muhtasari wa mtu mwingine. Mengi yaliyochapishwa kabla ya katikati ya karne ya 20 yanapatikana bure katika Maktaba ya Urithi wa Bioanuwai iliyo mtandaoni. Kwa konokono wa pwani yetu kuna safari mbili usizoweza kuziruka: ya meli ya Kijerumani *Valdivia* ya miaka 1898 na 1899, iliyokusanya katika maji ya kina kirefu ya Afrika Mashariki, na ya meli ya Kimisri *Mabahiss* ya miaka 1933 na 1934. Konokono aliyechotwa jana nje ya Pemba anaweza kuwa na jina lililoandikwa kwa Kijerumani zaidi ya karne moja iliyopita, na holotaipu yake ikawa imelala katika kabati Ulaya.

Mahali ambapo maelezo ya awali ni mafupi mno au mchoro wake haueleweki, andikia makumbusho yanayohifadhi kielelezo hicho na uombe picha. Wasimamizi wa mikusanyo hujibu maombi yaliyo mahsusi. Taja jina la spishi, mwandishi na mwaka wake, namba ya usajili ukiijua, na pembe za picha unazohitaji.

Matokeo ya kazi hii yaandike katika jedwali: kila spishi jirani katika mstari wake, na katika safu weka ukubwa wa mtu mzima, idadi ya mizunguko, kipenyo cha gamba la uchangani, nakshi, kitovu, kifuniko, radula, kina na mahali. Jedwali hili ndilo litakalozaa aya muhimu kuliko zote katika makala yako.

Umefaulu ukiweza kusema, kwa kila jina lililoorodheshwa, ni kwa nini konokono wako si huyo. Jibu la "sikupata maelezo yake" si jibu, na mhakiki ataliona.

## Hatua ya 5: Picha na vipimo

Ramani ya konokono mdogo imechorwa kileleni mwake, katika protokonki, yaani gamba la uchangani, lile alilokuwa nalo kabla hajaanza maisha ya sakafuni. Liko kwenye ncha, mara nyingi chini ya nusu milimita kwa upana, na mpaka wake na gamba la utu uzima huonekana kama mstari mkali ambapo nakshi hubadilika ghafla. Gamba la uchangani lenye mizunguko mingi myembamba kwa kawaida hushuhudia kiluwiluwi aliyekula na kusafiri muda mrefu katika maji ya juu. Lenye mzunguko mmoja mnene hushuhudia kiluwiluwi aliyeishi kwa kiini cha yai. Katika koo za kale, kama Vetigastropoda, huwa halizidi takriban mzunguko mmoja, kwa hiyo pale ni nakshi na ukubwa vinavyozungumza.

Safisha gamba kwa brashi na maji yaliyotoneshwa. Uchafu ukigoma, mtetemo wa sauti kwa sekunde chache unaweza kusaidia, lakini magamba membamba hupasuka humo. Jiki iliyozimuliwa huondoa uchafu, na pamoja nao huondoa ngozi ya nje ya gamba. Kwa hiyo piga kwanza picha za ngozi hiyo.

Kuliweka gamba kwenye kitako ndiko kunakohitaji utulivu wa mkono. Bandika utepe wa kaboni, ukwaruze kidogo kwa sindano ili gundi isilivute gamba lote, kisha teremsha gamba kutoka kwenye brashi iliyolowa kidogo. Kabla halijashika, una muda mfupi wa kuligeuza kwa ncha ya sindano hadi mhimili wake usimame sawasawa na uso wa mdomo utazame juu. Gamba lililoinama hata kidogo hubadilisha uwiano wa kimo na kipenyo, na picha zake haziwezi kulinganishwa na za mwingine.

Unahitaji pembe tatu kwa uchache: upande wa mdomo, kutoka juu kileleni, na kutoka chini kitovuni. Ongeza picha ya karibu ya gamba la uchangani, ya nakshi za mzunguko wa mwisho, na ya pande zote mbili za kifuniko. Kila picha iwe na mstari wa kipimo.

Pima kimo sambamba na mhimili wa mzunguko, na kipenyo kwa pembe mraba na mhimili huo. Eleza pia ulivyohesabu mizunguko, kwa kuwa watu wawili huweza kupata hesabu mbili kwa gamba moja. Pima vielelezo vyote vilivyokomaa na utoe kipimo cha chini na cha juu, si cha holotaipu peke yake.

Tahadhari: konokono wa matundu ya maji moto, kama wale wa Longqi, mara nyingi huwa na ncha iliyoliwa na asidi ya maji ya huko. Usikisie umbo la kilichokwisha kuliwa. Tafuta mtoto wa spishi hiyohiyo ambaye ncha yake ingali nzima, au tamka wazi kwamba sifa hiyo haikuonekana.

Tahadhari nyingine: usipake dhahabu holotaipu ikiwa una njia nyingine. Hadubini nyingi za elektroni hufanya kazi katika ombwe hafifu bila kupaka kitu. Dhahabu ipakwe kwenye parataipu, yaani vielelezo vingine vilivyotumika katika maelezo.

## Hatua ya 6: Radula na DNA kutoka kwa konokono mmoja

Radula ni utepe wa meno ambao konokono hukwangulia chakula kama mbuzi inavyokuna nazi, na mpangilio wa meno yake hutambulisha familia, mara nyingi jenasi pia. Kwa konokono wa milimita 2, utepe huo unaweza kuwa mwembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita, na hakuna mkono unaoweza kuupasua kwa kisu. Njia ifaayo ni kuuyeyusha mwili wote na kuuacha utepe peke yake, na kwa bahati njema njia hiyo hutoa DNA kwa wakati mmoja.

Toa mwili kwenye gamba ambalo limekwisha kupigwa picha. Uweke katika kichupa chenye kimeng'enya cha proteinase K kwenye joto la nyuzi 56 mpaka mwili uyeyuke. Nyonya maji yenye DNA uyahamishie kichupa kingine, kisha mimina kilichobaki kwenye kioo chenye mbonyeo chini ya hadubini.

Tafuta kwa mwanga wa ubavuni. Radula itaonekana kama uzi mfupi unaometameta, wakati mwingine umejikunja na taya zikiwa bado karibu yake. Ioshe mara kadhaa kwa maji yaliyotoneshwa ukitumia unywele uliobandikwa kwenye kijiti, ihamishe ndani ya tone dogo hadi kwenye kitako, na kabla tone halijakauka itandaze, meno yakitazama juu. Tone likikauka mapema, radula hujikunja na haitafunguka tena.

Tahadhari: usitumbukize gamba unalotaka kulihifadhi katika maji ya kuyeyushia. Mengi yana EDTA, ambayo hunasa kalisi na inaweza kula chokaa ya gamba.

Kwa DNA, wengi huanza na kipande cha jeni ya COI chenye herufi zipatazo 658. Tafsiri mfuatano kuwa protini: ukikuta alama za kusimama katikati, kuna kosa au uchafu. Ulinganishe na mifuatano iliyo katika GenBank, hifadhi ya wazi ya mifuatano ya DNA, na uhakikishe jirani wa karibu ni konokono, si bakteria wala mnyoo.

Hakuna asilimia moja ya tofauti inayogawa spishi katika wanyama wote. Linganisha umbali kati ya konokono wako na jamaa yake wa karibu dhidi ya tofauti iliyopo ndani ya kila spishi. Spishi inaweza pia kuelezwa bila DNA yoyote, kwa sababu Kanuni haziidai, ingawa katika familia zenye magamba yanayofanana ningeitafuta kwa kila njia.

## Hatua ya 7: Chagua holotaipu

Holotaipu ni kielelezo kimoja kinachobeba jina milele. Chagua kilichokomaa, kisichovunjika, na kinachoonyesha sifa zako zote, si lazima kikubwa kuliko vyote. Vilivyobaki ulivyovitumia katika maelezo viwe parataipu, na inafaa uvigawe katika makumbusho zaidi ya moja ili ajali moja isivipoteze vyote.

Kwa jina lolote lililotolewa baada ya 1999, Ibara ya 16 ya Kanuni inataka holotaipu (au sintaipu, kundi la vielelezo vinavyobeba jina kwa pamoja) itajwe waziwazi, na itajwe pia taasisi itakapohifadhiwa. Pata namba ya usajili kutoka kwa msimamizi kabla ya kutuma rasimu. "Itahifadhiwa baadaye katika maabara ya mwandishi" ni sentensi ya hatari, kwa sababu maabara za watu hufungwa.

Pale inapowezekana, holotaipu au angalau parataipu zibaki katika nchi ya asili. Mtafiti wa Mombasa au Zanzibar hapaswi kulazimika kuomba viza ili kumwona konokono wa bahari yake.

## Hatua ya 8: Andika maelezo

Andika sehemu mbili zilizotengana. Ya kwanza ni maelezo ya utambulisho: sentensi chache zenye sifa zinazomtofautisha na wengine tu. Ibara ya 13 inazidai sifa hizo, na jina lisiloambatana nazo halihesabiki. Ya pili ni maelezo kamili ya mwili, kwa mpangilio uleule kila mara: gamba zima, gamba la uchangani, nakshi, mdomo, kitovu, kifuniko, radula, mwili laini.

Mfano ufuatao nimeutunga kwa ajili ya kufundishia. Maelezo dhaifu husema hivi:

> Gamba ni dogo, jeupe na la mviringo, lina mizunguko kadhaa na mdomo wa duara.

Mamia ya spishi zinaingia katika sentensi hiyo. Maelezo yenye nguvu husema hivi:

> Gamba lina mizunguko 3.2, kimo milimita 1.6 na kipenyo milimita 1.9. Gamba la uchangani lina kipenyo cha mikromita 240 na nyuzi 9 za mzunguko zilizoachana kwa nafasi sawa. Kitovu kiko wazi, upana wake ni robo ya kipenyo cha gamba, na kimezungukwa na ukingo mmoja ulio laini.

Baada ya hapo njoo na aya ya ulinganisho, ukiichota katika lile jedwali la hatua ya 4. Taja kila jirani kwa jina, na kwa kila mmoja sema sifa mbili au tatu zinazomtenga. Hapa ndipo wahakiki wanapoanza kusoma.

Epuka maneno ya kulinganisha yasiyo na kipimo, kama "kubwa kiasi" au "nyembamba zaidi," isipokuwa umeyawekea tarakimu. Eleza pia tofauti zilizopo miongoni mwa vielelezo vyako wenyewe, ili atakayepata kielelezo kilicho tofauti kidogo asikiite spishi nyingine.

## Hatua ya 9: Tunga jina

Jina la spishi ni maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini: jenasi, kisha jina mahsusi. Likiwa kivumishi cha Kilatini, lazima likubaliane na jinsia ya jenasi. *Lirapex* ni ya kiume, hivyo *politus*. *Dracogyra* ni ya kike, hivyo *subfusca*. *Chrysomallon* si ya kike wala ya kiume, hivyo *squamiferum*. Ukimuenzi mwanamume mmoja, kwa kawaida ongeza *-i* mwishoni mwa jina lake. Mwanamke mmoja, *-ae*. Jina la mahali huchukua *-ensis*, au *-ense* kwa jenasi isiyo na uke wala uume.

Neno la Kiswahili linaruhusiwa kabisa. Tamka katika makala kwamba ni nomino iliyowekwa sambamba na jenasi, na halitabadilika hata spishi ikihamishiwa jenasi nyingine. Mtu unayetaka kumuenzi muulize kwanza, na usiipe spishi jina lako mwenyewe. Si kosa la kisheria, ni utovu wa adabu katika taaluma hii.

Hakikisha jina hilo halijatumika katika jenasi hiyo, hata kwa kisukuku, kisha andika maana na asili yake katika makala.

Tahadhari: usiliandike jina hilo mahali popote kabla ya kuchapishwa rasmi. Tasnifu, bango la mkutano au picha ya mtandaoni inaweza kulisambaza kabla halijawa halali, na vurugu ya kulisafisha itawaangukia wengine kwa miaka. Tumia "sp. 1" mpaka siku yenyewe.

## Hatua ya 10: Sajili na uchapishe

Mabadiliko ya Kanuni ya mwaka 2012 yalikubali machapisho ya mtandaoni, kwa masharti. Kazi isajiliwe ZooBank, rejista rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa. Ushahidi wa usajili huo uonekane ndani ya makala yenyewe. Tarehe ya kuchapishwa iandikwe humo. Na usajili utaje ISSN ya jarida au ISBN ya kitabu, pamoja na hifadhi ya kudumu. Kuwa na namba ya ZooBank bila kuiweka ndani ya makala ya mtandaoni hakutoshi, na hili ndilo sharti linalosahauliwa kuliko yote.

Kichwa cha sehemu ya spishi kiwe na maneno "sp. nov." ili nia ya kutoa jina jipya isiwe na shaka. Usitumie lugha ya masharti, kama "huenda ikawa spishi mpya ambayo ningependekeza iitwe"; jina lililotolewa kwa masharti baada ya 1960 halikubaliki.

Kuhusu lugha, Kanuni hazimlazimishi mtu kuandika Kiingereza. Zinapendekeza lugha inayosomwa na wanazoolojia wengi, na ushauri wangu ni kuufuata ushauri huo katika maelezo makuu, kisha kuweka muhtasari wa Kiswahili wenye sifa za utambulisho, ili wachambuzi wa sampuli, wavuvi na maofisa wa uhifadhi wa pwani waweze kuutumia.

Baada ya kuchapishwa, tuma nakala kwa wahariri wa MolluscaBase, weka mifuatano ya DNA wazi katika GenBank ikiwa na namba ya usajili ya kielelezo husika, na uhakikishe lebo ya holotaipu katika makumbusho ina jina lililochapishwa badala ya "sp. 1." Ukiandika namba ya usajili kwa msimamizi naye akakuonyesha kichupa chenye lebo hiyo, na ukurasa wa MolluscaBase ukaonyesha jina, mwaka na mahali pa asili bila alama ya swali, kazi ya kumpa jina imekamilika.